Kwa nini fundi na msanifu wanasoma ramani moja na mlango bado unatoka mfupi

Mtoa mada ametoa mfano wa mlango uliotoka mfupi kuliko ramani, akauliza tatizo ni ramani au ni fundi. Mara nyingi ni lugha tu. Tarakimu wote wawili wanaisoma sawa, wanachotofautiana ni pa kuanzia kupima.

Tuanze na huo mlango. Ramani inasema milimita 2100 kutoka FFL, yaani usawa wa sakafu ikishakamilika. Fundi wa kuta anafanya kazi kabla sakafu haijawekwa, kwa hiyo anaanzia juu ya zege, ambako kwenye ramani kunaitwa SSL. Baadaye inakuja saruji ya kusawazisha milimita 40, kisha kigae na gundi yake milimita 10. Umebaki na 2050, na seremala anaanza kukata mlango chini.

Kwenye nondo ni hatari zaidi, maana zege likishamwagwa huoni kitu. "T16-200" ni nondo ya milimita 16 kila milimita 200, katikati ya nondo hadi katikati ya nyingine. Fundi akiacha uwazi wa 200 kati ya nondo na nondo, umbali halisi ni 216. Kwenye jamvi la zege la mita 6 ulitakiwa kupata nondo 31, unapata 29. Hakuna aliyeiba.

Kava, yaani unene wa zege linalofunika chuma, nayo ni hivyo hivyo. Kava ya milimita 25 hupimwa kutoka uso wa zege hadi chuma cha nje kabisa, ambacho kwenye boriti ni ringi, yaani chuma chembamba kinachozungushwa nje ya nondo kuu. Ukiipimia hadi nondo kuu, ringi ya milimita 8 inabaki na 17. Unyevu unaifikia mapema, kutu inavimba na zege linabanduka.

Hata zege lina mtego wake. C25/30 maana yake ni nguvu ya 25 N/mm² kwa silinda na 30 kwa mchemraba, baada ya siku 28. Maabara ikivunja michemraba na kupata wastani wa 27, hilo zege limeshindwa, ingawa kuna mtu atakuambia limevuka 25.

Na ukisema "mlango wa 900" taja ni ubao wenyewe au ni tundu la ukutani. Fremu inakula pande zote mbili.

Kwa hiyo agizo la saiti lisitoke bila kipimo, pa kuanzia na pa kuishia: "milimita 2100, juu ya kigae hadi chini ya linta", yaani boriti ya juu ya mlango. Kisha mwambie fundi akuonyeshe kwa futi kamba. Kuitikia "sawa" hakutoshi.

Kinachosaidia kuliko maelezo yote ni mstari wa mita 1. Chukua mpira wa maji wa kupimia usawa, piga mstari kuzunguka kuta zote mita 1 juu ya FFL, na kila fundi apimie hapo: wa milango, wa umeme, wa vigae. Plasta itaufunika, kwa hiyo uhamishie alama kwenye fremu za milango kabla hawajaanza kupiga.