Maswali ya Wasomaji: Kondomu Imepasuka, Nisubiri Miezi Mitatu?

SWALI: Shikamoo daktari. Naendesha bodaboda Magomeni, Mtwara, nina miaka 22. Kondomu ilinipasukia Jumamosi usiku na dada ambaye sijui hali yake. Mshikaji wangu anasema nitulie tu, nikapime baada ya miezi mitatu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Swali la namna hii halingoji jarida litoke, kwa hiyo tunawajibu hasa wale litakaowakuta wiki ijayo. Mshikaji wako kakuchanganyia mambo. Miezi mitatu ni ya kipimo. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio, inayoitwa PEP, ina saa 72 tu tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kama ilikuwa Jumamosi saa 5 usiku, mwisho wako ni Jumanne saa 5 usiku. Virusi vikishajikita kwenye tezi na kuanza kuzaliana, PEP haiwezi kuving'oa.

Nenda hospitali, mathalani Ligula, hata kama ni usiku. Sema wazi: “Nimekuja kwa ajili ya PEP, kondomu imepasuka.” Ukizunguka na kusema unaumwa tumbo, utaishia foleni ya tumbo. Utapimwa VVU kwanza, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa anahitaji matibabu kamili, si PEP. Ukiwa huna, unaanza siku hiyo hiyo: kwa kawaida kidonge 1 kwa siku, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kwa siku 28.

Wengi wanaharibu hapo katikati. Kichefuchefu au kukosa usingizi kunawatisha siku za mwanzo, wanaacha. Mwambie mhudumu, hali hiyo mara nyingi hupungua. Wengine wanaficha vidonge kwenye kimfuko cha nailoni ili kopo lisionekane nyumbani, na unyevu wa pwani yetu unaviharibu. Viache kwenye kopo lake. Ukisahau, meza mara ukikumbuka, lakini usimeze viwili kufidia. Kama unatumia dawa ya kiungulia, ya zile za kutafuna au za maji, kidonge cha PEP kimezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, vinginevyo dolutegravir inanaswa tumboni na hainyonywi vizuri. Endelea na kondomu muda wote huo, na tarehe ya kupima miezi 3 baadaye usiiruke.

Kwa wasichana: PEP haizuii mimba. Omba dawa ya dharura ya kuzuia mimba safari hiyo hiyo. Aliyebakwa aanze hospitali, ikiwezekana bila kuoga, na nguo alizovaa aziweke kwenye mfuko wa karatasi. PF3, ile fomu ya polisi, ni ya ushahidi, isimcheleweshe kupata dawa.

Na kama msimu wa korosho ukifika hela inakuwepo na PEP unaiomba mara ya pili, uliza habari za PrEP, dawa ya kujikinga na VVU inayomezwa kabla ya tukio. Mwanamke anahitaji kuimeza siku 7 mfululizo ndipo ategemee kinga yake.

SWALI: Nasoma chuo Lindi. Nilijipima kwa mate chumbani, ukatokea mstari mmoja. Asubuhi nikakuta na wa pili, hafifu. Sijalala tangu hapo.

JIBU: Pole sana, mdogo wetu. Kipimo cha mate husomwa dakika ya 20, na kikipita dakika 40 majibu yake hayafai tena, kwani mistari inaweza kujitokeza yenyewe kinapokauka. Ulichokiona asubuhi hakikuthibitishi wala hakikusafishi. Nenda kapime upya kituoni.

Anayetaka kujipima asile, asinywe wala asipige mswaki dakika 30 kabla. Pangusa fizi za juu mara moja, za chini mara moja, kisha kitumbukize kwenye kichupa bila kumwaga maji yake. Mstari kwenye herufi C ya kipimo peke yake ni hasi, yaani VVU havijaonekana. Miwili, hata wa pili ukiwa wa kufifia, ndani ya muda wake, ni kwenda kituoni kuthibitisha. C isipotokea, kipimo kimeharibika. Anayemeza dawa za kufubaza VVU asijipime kwa mate, maana anaweza kupata hasi ya uongo, na tumeona watu wakiacha dawa kwa kuamini “wamepona”.

Kwa wadogo zenu wanaouliza: tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi.

SWALI: Mafuta ya nazi na kondomu yanaendana? (Dada wa Mikindani)

JIBU: Hapana, dada. Nazi, mafuta ya mgando, losheni: vyote vinalegeza mpira ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji. Na kondomu iliyokaa chini ya siti ya pikipiki juani usiiamini, hata tarehe ikiwa bado.

SWALI: Nimepita jandoni tangu mdogo. Kondomu ya nini tena?

JIBU: Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Iliyobaki ni yako, na mwenzako tohara yako haimkingi moja kwa moja. Halafu kinga hiyo inahusu govi lililoondolewa lote. Kama huna uhakika, muulize mhudumu akuangalie. Kwa wazee wanaoandaa jando: kila mtoto na wembe wake mpya. Na kijana mkubwa aliyetahiriwa akae wiki 6 bila kujamiiana, hata kidonda kikionekana kimefunga, kwa kuwa ngozi changa huchanika kirahisi.