Mhusika wako amefiwa. Anaangalia nini?

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia: "Dada, waigizaji wangu wanalia kweli kweli, machozi yao wenyewe, hakuna kitunguu. Lakini nikiwaonyesha watu, wanachezea simu. Tatizo liko wapi?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikaifuta. Jambo hili nina hamu ya kuliandika tangu filamu yangu fupi ilipoonyeshwa hapa Dar, ukumbi ukanyamaza pale pale nilipotaka unyamaze. Ile shoti, yaani kipande cha picha kilichounyamazisha, nimeipigania. Kwa hiyo mdogo wangu, nivumilie, jibu ni refu.

Kwanza tafuta Three Colours: Blue ya mwaka 1993, uitazame bila kushika simu. Mwongozaji ni Krzysztof Kieślowski wa Poland, mpiga picha ni Sławomir Idziak, na Juliette Binoche anacheza Julie, mwanamke wa Ufaransa ambaye mumewe na binti yao mdogo wanafariki kwenye ajali ya gari. Anabaki yeye peke yake. Filamu nzima ni huyu mama baada ya hapo, na mwaka huo iligawana na filamu nyingine Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice kule Italia, Binoche akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike na Idziak akatuzwa kwa upigaji picha wake.

Angalia pale daktari anapomletea habari. Wengi wetu tungempiga picha daktari, tukageuza kamera kwa Julie, tukasubiri chozi. Idziak kasogea mpaka jicho moja la Julie limejaza skrini, na daktari tunamwona mle ndani ya jicho, kadogo, akizungumza. Kabla ya hapo tumeona unyoya kwenye mto ukitikisika kwa pumzi zake. Basi. Hatujaonyeshwa chumba, hatujui hospitali ina vitanda vingapi. Dunia yake imebaki na upana wa unyoya na daktari mmoja. Mazishi yenyewe hakwenda, anayatazama kwenye televisheni ndogo akiwa palepale hospitalini, na jeneza la mtoto linakuwa kitu cha kugusa kwa kidole.

Kuna sehemu nyingine ambayo nimeirudia mpaka naijua kwa sekunde. Julie yuko mgahawani na Olivier, mwanamume anayempenda, aliyemtafuta mpaka akampata. Badala ya kumtazama, Julie anashika kipande cha sukari ya mraba, anakigusisha kwenye kahawa, na kamera inakaa pale pale kahawa ikipanda ndani ya sukari mpaka yote inakuwa ya kahawia. Kieślowski mwenyewe aliwahi kueleza kwamba msaidizi wake alikaa akijaribu aina mbalimbali za sukari, kwa sababu kipande kingine kinaweza kuchukua hata sekunde nane kulowa, na yeye alitaka tano hivi. Alijua mtazamaji hawezi kuvumilia zaidi ya hapo. Wazo lake lilikuwa kwamba huyu mama hataki kujua lolote la watu wengine, hata la mtu anayempenda, kwa hiyo macho yake yanakimbilia kitu kidogo kilicho karibu.

Na ule weusi! Mara kadhaa mtu anamsemesha Julie, muziki unapasuka, skrini inakuwa nyeusi tii, halafu tunarudi pale pale, sentensi ile ile, hakuna muda uliopita. Aliyewahi kukatwa na kumbukumbu katikati ya maongezi anajua kitu hicho ni nini.

Najua mtaniambia: hao ni Wafaransa, sisi tunalia kwa sauti, msiba wetu una turubai, maspika na sufuria za wali. Kweli. Lakini tazama nani analia kwenye filamu hiyo. Julie anamkuta mtumishi wa nyumbani, bibi mzima, analia kwenye chumba cha vyakula. Anamuuliza kwa nini unalia. Bibi anamjibu: kwa sababu wewe hulii. Hiyo ni misiba yetu kabisa. Shangazi anagaragara, majirani wanamshika, na mwenye msiba yuko kwenye mkeka, macho makavu, hajui hata amevaa kanga ya nani.

Nasema hivyo kwa sababu nimekaa kwenye huo mkeka. Baba alipofariki, Tanga, nilikuwa msichana mkubwa tu. Viti vya plastiki tuliazima kwa kikundi cha akina mama wa mtaani, na kila kiti kilikuwa na namba nyuma, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwa brashi, rangi ikatiririka kidogo kabla ya kukauka. Mlangoni, mbele yangu, kilikuwa kiti namba 47. Mguu wa ile saba umechuruzika mpaka chini. Watu wanaingia, wananishika mikono, wananipa pole, mimi naisoma moyoni ile saba. Akaja mama mmoja mnene akakivuta kiti, kanga yake ikaangukia nyuma ikaifunika namba. Nikainamisha kichwa pembeni niendelee kuiona. Sauti za vilio vya siku ile nimezisahau, lakini ile namba naweza kukuchorea leo.

Miaka kadhaa baadaye niliiandika hiyo kwenye skripti ya mtu. Tukaipiga vizuri, mwigizaji akainamisha kichwa vile vile. Filamu ilipotoka, shoti haipo. Prodyuza kaikata, kaweka uso wa dada analia, na muziki wa kinanda juu yake, na akaniambia mbele ya wenzangu kwamba watu hawalipi pesa kuangalia kiti. Iliniuma. Inaniuma hadi sasa, sitadanganya. Nikaiweka moyoni, nikapiga harusi na video za wasanii mpaka nikapata hela ya kutengeneza ya kwangu, na kiti namba 47 kikawa ndani. Hiyo ndiyo shoti iliyonyamazisha ukumbi. Mzee mmoja alinifuata nje akaniambia kwenye msiba wa mkewe yeye alikuwa anahesabu kamba za turubai.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujamwambia mwigizaji alie, muulize anaangalia nini. Akikosa jibu, hamna sini, hamna onyesho hapo. Mkipata hicho kitu, sogeza kamera karibu nacho. Sogeza tena. Acha vilio visikike kutoka uani, nje ya fremu. Muziki wa kinanda utoe. Na hii tabia ya kuipaka filamu nzima ubluu kwenye kompyuta eti ni huzuni, iacheni! Kwa Kieślowski bluu ina mwenyewe: ile taa ya shanga ambayo Julie anaondoka nayo kutoka nyumba yao, karatasi ya peremende iliyokuwa mkononi mwa mtoto, maji ya bwawa anamoogelea peke yake usiku. Ukiona bluu unajua marehemu wamepita hapo. Wewe ya kwako inaweza kuwa kijani cha daftari la shule au wekundu wa namba. Rangi moja, kitu kimoja, karibu kabisa.

Halafu ulinde shoti yako. Mhariri atataka kuikata kwa kuwa "hakuna kinachotokea". Kaa naye mezani, mwambie aihesabu: sekunde tano. Akishaiacha tano, nitumie hiyo sini, niitazame.