Usigawe hela ya matangazo nusu kwa nusu

Wakuu, hii ni kwa wale wanaouza vitu Insta na WhatsApp, bajeti ya tangazo ni elfu 10 au elfu 20 kwa siku, na mwisho wa mwezi mtu anajiuliza hela imeenda wapi. Nawasimamia matangazo wafanyabiashara wadogo hapa Dar, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nina matangazo mawili, nitajuaje lipi linaleta wateja?

Jibu la darasani ni ugawe hela nusu kwa nusu, usubiri, halafu upime. Sio njia mbaya, tatizo ni hesabu yake. Chukulia tangazo la kwanza (A) kwenye kila watu 100 wanaobonyeza wananunua 2, la pili (B) wananunua 2.5. Ili uitambue hiyo tofauti kwa vipimo vya kawaida vya takwimu unahitaji waliobonyeza karibu 14,000 kwa kila tangazo. Elfu kumi na nne, wewe unauza mashuka! Hiyo ni hesabu ya kampuni za simu, sio yako.

Kwa hiyo watu wanafanya nini, wanachungulia. Leo wanaangalia, kesho wanaangalia, siku A likionekana limepita mbele wanalizima B na kutangaza mshindi. Hii wanatakwimu walishaipigia hesabu tangu mwaka 1969: kipimo kinachotakiwa kikudanganye (kikuonyeshe tofauti ambayo haipo) mara 5 tu kati ya 100, ukikichungulia mara 10 na kusimama pale panapokufurahisha, kinakudanganya karibu mara 19 kati ya 100. Na ndio hapo mtu anazima tangazo zuri, na hatajua kamwe.

Ninachoshauri mimi ni kitu cha zamani sana, cha mwaka 1933, cha jamaa anaitwa William R. Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale. Yeye hakuwa na shida na matangazo, alikuwa anawaza wagonjwa: una dawa mbili, hujui ipi bora, sasa kwanini uendelee kumpa nusu ya wagonjwa ile inayoanza kuonekana dhaifu? Wazo lake ni kila dawa ipewe wagonjwa kulingana na uwezekano kwamba ndiyo bora, kwa ushahidi uliopo mpaka sasa. Fikiria mashine za dubwi pale mtaani (sikushauri ucheze), mbili zimekaa pamoja na hujui ipi inalipa zaidi, utaingiza sarafu kidogo huku kidogo kule halafu taratibu unahamia inakolipa, ila ile nyingine huiachi moja kwa moja kwa sababu huenda ilikuwa na bahati mbaya tu.

Na hii huhitaji mtaalamu wa programu, Excel au Google Sheets inatosha. Kwa kila tangazo weka idadi ya walionunua na idadi ya waliobonyeza bila kununua, kisha kwenye seli andika =BETA.INV(RAND(), walionunua+1, wasionunua+1), yale maneno weka namba zako. Itakupa makisio ya bahati nasibu ya nguvu ya lile tangazo. Buruta mistari 1,000 kwa kila moja, hesabu ni mistari mingapi A limepita B, huo ndio mgao wa A kwenye bajeti ya kesho, inayobaki ni ya B. Mfano A wamebonyeza 200 wakanunua 6, B wamebonyeza 200 wakanunua 10. B litashinda zaidi ya mara 80 kati ya 100, basi lipe kama asilimia 80 ya hela, A libaki na kiasi chake. Namba zikibadilika mgao unabadilika wenyewe, na kuangalia kila siku hakuna madhara yale ya mwanzo kwa sababu humtangazi mshindi, unasogeza hela tu.

Sasa sehemu ambayo watu wengi wanaharibu, nayo ni unahesabu nini. Usihesabu laiki, na usihesabu DM za "bei gani?" maana Bongo tunajuana, kuna tangazo linavuta waulizaji mia na hakuna hata mmoja anayetuma hela. Hesabu muamala ulioingia. Kama tangazo moja linauza shuka moja moja na lingine linauza seti nzima basi angalia na faida kwa kila aliyebonyeza, idadi ya wanunuzi peke yake haitoshi.

Halafu mteja wetu anachelewa, anauliza leo analipa Ijumaa, au anasubiri mshahara. Usimwandike kama hajanunua siku ile ile, mpe siku zake kadhaa ndio umuingize kwenye hesabu. Uzuri ni kwamba mwaka 2011 watafiti wawili wa Yahoo, Chapelle na Li, waliijaribu njia ya Thompson kwenye matangazo na ikaonekana inavumilia majibu yanayochelewa, kwa sababu ina bahati nasibu ndani yake, haing'ang'anii tangazo moja wakati inasubiri. Na kwa kuwa soko la tarehe 28 sio la tarehe 15, mimi kila asubuhi nazidisha namba zote za zamani kwa 0.9 kabla ya kuongeza za jana, hivyo ndani ya wiki data ya zamani inabaki na uzito chini ya nusu na hesabu inaenda na hali ya sasa.

Tahadhari kwa wanaotumia matangazo ya Meta (wenye Facebook na Instagram): ule mfumo nao unajifunza wenyewe, na wanasema unahitaji kama matokeo 50 kwa wiki ili utulie, ukibadilisha bajeti kwa kiasi kikubwa unaanza upya. Tena A na B haviendi kwa watu wale wale, mfumo unalitafutia kila tangazo watu wake. Kwa hiyo huko sogeza bajeti kidogo kidogo, mara moja kwa wiki inatosha. Hesabu ya kila siku ipeleke kwenye vitu unavyovishika mwenyewe, kama meseji ya kwanza ya WhatsApp, picha ya juu kwenye katalogi, au maneno ya ofa kwenye SMS, huko hakuna mtu anayekuingilia.