Ripoti ya Jumatatu inakataa kujituma

SWALI: Sasa mhariri, mimi ndio hushughulika na ripoti za mauzo kwa kampuni moja ya kusambaza vyakula hapa Industrial Area. Tuko na SQL Server Reporting Services, ile programu ya Microsoft ya kutoa ripoti kutoka kwa databesi; nikifungua ripoti kwa brauza ziko fiti kabisa, lakini nikitaka zijitume kila Jumatatu inakataa, ati kredensho (jina na paswadi ya kuingia kwa databesi) hazijahifadhiwa. Basi nadaunlodi Excel natumia mameneja wa Thika, Eastleigh na Rongai, na mkutanoni kila mtu anakuja na namba zake. Nifanyeje? – Msomaji, South B

JIBU: Pole ndugu yangu. Ukifungua ripoti mwenyewe, seva inaingia kwa databesi na akaunti yako, sasa alfajiri ukiwa umelala itaingia na ya nani? Ndiyo maana inakataa. Omba IT wakutengenezee akaunti ya kusoma tu, ihifadhiwe kwa data sosi ya hiyo ripoti (pale inapoelekezwa databesi ya kusoma), na isiwe akaunti ya mtu, maana siku akibadilisha paswadi ama akiacha kazi ripoti zote zinakwama.

Hiyo ya namba kutofautiana mimi naona ndio kubwa. Usitume faili, tuma linki. Faili ikishatoka kwako mtu anafuta safu, anaongeza fomula yake, anafowadi, na hata aliyenyimwa ruhusa kwa seva anaisoma vizuri tu. Lakini linki nayo ina ujanja wake: ikifunguliwa Jumatano inavuta data ya Jumatano, kwa hivyo weka ripoti itoke kwa snapshoti, yaani nakala iliyogandishwa na data ya saa fulani, tuseme ya Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, hapo wa Thika na wa Rongai wanaona kitu kimoja hadi wiki ijayo. Ruhusa peana kwa folda na kwa grupu, ukianza kupeana mtu mmoja mmoja utachoka.

Kama unataka kila tawi lipate yake peke yake, kuna sabskripsheni (mpango wa ripoti kujituma kwa ratiba) inayosoma majina na imeili kutoka kwa tebo, tamu sana, ila inataka laisensi ya Enterprise, ile ya juu ya SQL Server, na hiyo si pesa ya mchezo. Kwa matawi matatu tengeneza tu sabskripsheni tatu kwa mkono.

Halafu SQL Server Agent, ile huduma inayoanzisha ratiba kwa seva, iwe imewekwa ijiwashe yenyewe. Stima ikipotea usiku na seva irudi bila Agent, hakuna ratiba itakayoanza na hutaona eror yoyote, utajua tu bosi akipiga simu.