Baba anasema nasomea kuwanyima watu kitoweo

SWALI: Shikamoo Dokta. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, na nataka kusomea sayansi za bahari. Baba ni mvuvi. Anasema nitasomea kuwanyima watu kitoweo. Nimjibu nini? Na kazi yenyewe ikoje?
Binti Mvuvi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimjibu kwanza. Siku yangu ya kwanza dikoni, wavuvi wanakoshusha samaki, nilikwenda na rula ya kupimia samaki, mzee mmoja akaniuliza, "Ukishampima, anaongezeka?" Nilikosa la kusema.

Siku za majini ni chache. Nyingi ni za dikoni na mezani. Chini tunatandaza futi kamba ya mita 50 juu ya mwamba, unaogelea taratibu ukiandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki: pono wangapi, chewa wangapi, wapi tumbawe hai na wapi kifusi, yaani matumbawe yaliyovunjika vipande. (Kuogelea nilijifunza nikiwa mwaka wa pili chuoni, usinicheke.)

Kifusi ndicho kilichonifunga na kazi hii. Kuvua kwa baruti ni marufuku tangu 1970, lakini nimewahi kuwa chini nikasikia mlipuko, kifua kikatikisika, na tulipoibuka hatukuona chombo hata kimoja. Bomu likishapasua matumbawe, vipande havitulii. Mawimbi yanaviviringisha huku na huku, tumbawe changa halipati pa kushika, na mwamba hukaa miaka na miaka bila kupona. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ya kisiwa cha Mafia, ila mifupa yake angalau ilibaki imesimama kwa muda, samaki wakapata pa kujificha.

Masomo yapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar.

Turudi kwa baba. Chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, wakikua ndipo baadhi hugeuka madume. Kwa hiyo mshipi unaochagua wakubwa huwamaliza madume kwanza. Mimi hilo nililisoma kitabuni. Yeye amepasua matumbo ya chewa tangu hujazaliwa. Muulize kama amewahi kukuta mayai kwenye chewa wa urefu wa mkono mzima, na chewa wa namna hiyo alimpata mwisho lini, mwamba gani. Nenda na daftari.