Servo za ruta ya kuchongea milango
Kaka, umeuliza kuhusu servo, yaani mota zinazosogeza mashine kwa vipimo kamili. Kwa ruta yako ya milango hapo Bagamoyo, ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, usihangaike na servo za wati 750. Wati 400 zinatosha, na draiva yake (kifaa kinachoiendesha mota) inakubali umeme wa fezi moja. Umesema skrubu ya gololi, ile inayogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo, inasogeza milimita 5 kwa mzunguko. Basi mizunguko 3000 kwa dakika ni mita 15 kwa dakika, zaidi ya unavyohitaji kuchonga mninga. Nunua mota, draiva na waya wa enkoda (kihisi kinachopima mzunguko wa mota) seti moja.

Ila mota ya Z, yaani ya kupanda na kushuka, iwe na breki, tafadhali sana! Yangu haikuwa nayo. Umeme ulikatika, spindo, ile inayozungusha kisu cha kuchongea, ikashuka taratibu ingali inazunguka, ikatoboa ua la mlango niliokuwa karibu kuumaliza.