Mashine ya kuchomelea bodi ya gari bila kutoboa bati

Ndugu yangu, umeuliza kama mashine ya elektrodi uliyo nayo itatosha kuziba kutu kwenye sakafu na milango ya gari la zamani, au utafute nyingine isiyo ghali. Kwa fremu nene itafaa, lakini bati la bodi huwa na unene wa kati ya milimita 0.7 na 1. Elektrodi italitoboa, na utashinda ukiziba mashimo uliyoyafanya mwenyewe.

Tafuta MIG ndogo inayotumia gesi, yaani mashine inayosukuma waya yenyewe badala ya elektrodi. Usivutwe na amperi 200 zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Wewe uliza inashuka hadi ngapi. Ikifika 30 au chini yake, na ikakubali waya wa milimita 0.6, hiyo ndiyo yako. Gesi iwe mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi. Zipo zinazotumia waya wenye unga ndani, bila gesi, na bei yake huvutia kweli, ila joto lake ni kali kwa bati jembamba, na cheche zake huacha kazi kubwa ya grenda. Bajeti ikibana, mimi ningechukua MIG iliyotumika inayosukuma waya bila kukwamakwama kuliko mpya dhaifu.

Usichome mstari mrefu. Piga nukta, hamia mbali, acha bati lipoe, ndipo urudi, vinginevyo litajikunja. Na tafadhali, chomoa betri kwanza, tena usivute moshi wa bati lenye zinki.